Jembe Langu Limevunjika Kwenye Kichuguu

Somanda, Jumatano. Mawingu yamesimama upande wa ziwa tangu asubuhi na hayanyeshi. Joto limebana, hata kuku wameshinda chini ya ukuta na midomo wazi. Naandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto kwa sababu cha kulia nimekifunga kitambaa, kwa hiyo, shajara, ukikuta herufi zimerukwa nivumilie. Aliyekuwa mpiga chapa wa jineri, kinu cha kuchambulia pamba, leo anaandika kama kuku anayeparua.

Leo nimeshindwa.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta, nikitafuta nyingine yenye heshima zaidi. Haipo. Jembe langu limevunjika mbele ya watu, na alasiri reli ya Maduhu imepakiwa kwenye lori la vyuma chakavu ikaondoka.

Kwa atakayepita hapa kwa mara ya kwanza: Maduhu ni mume wangu, na alikuwa mhunzi. Alifariki mwanzoni mwa kiangazi, kifua kilimmaliza. Reli ni kipande cha chuma cha njia ya treni, kifupi kama mkono wa mtu, kilichokaa juu ya gogo la mkwaju katikati ya banda lake. Baba yake alifulia hapo, naye akafulia hapo. Ndiyo iliyokuwa fuawe ya nyumba hii, ingawa sijawahi kusikia mtu akiiita fuawe. Sisi tulisema reli, basi.

Ukoo wao una sheria moja ambayo sijaikuta kwingine. Nyundo ya marehemu hailali njaa kuvuka mvua ya kwanza. Mtu wa nyumba yake lazima afue jembe kwa mkono wake mwenyewe, na jembe hilo lijaribiwe kwenye kichuguu mbele ya ndugu. Likihimili, reli na nyundo vinabaki. Likishindwa, vinakwenda kwa ndugu wa kiume anayefuata.

Anayefuata ni shemeji Njile wa Zagayu. Si mtu mbaya, nataka niliandike hilo mapema kabla hasira haijanizidi. Analima pamba, ana ng'ombe wachache, na nyundo hajaishika isipokuwa kupigilia bati. Kila mmoja wetu alijua reli ikifika kwake itaishia wapi. Siku hizi wanunuzi wa skrepa wanapita mpaka vijijini, wanabeba plau, sufuria, vitanda, hata mlango wa choo ukiwa wa chuma. Wanasema vinakwenda kuyeyushwa viwe nondo.

Mimi na Maduhu tuna mtoto mmoja, Limi, yuko shule ya bweni. Kwa hiyo mtu wa nyumba hii ni mimi. Nilipolisema hilo kwenye kikao cha kumaliza matanga, wanaume walicheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Mama mkwe wangu, Mayu, ndiye aliyewanyamazisha.

"Mwacheni afue," alisema. "Mnaogopa nini, atawazidi?"

Wakaniacha. Lakini ruhusa haikuja na mtu wa kunifundisha.

Huku kwetu mwanamke haingii kwenye banda la mhunzi moto ukiwaka. Chuma kinanuna, wanasema. Miaka yote ya ndoa yangu niliishia mlangoni na sahani ya chakula, nikikohoa ili atoke apokee. Alitoka akitabasamu, jasho likimtiririka, na harufu yake ile ya kukaanga. Ndiyo, ya kukaanga. Nilimtania mara nyingi kwamba ana mama lishe wake mahali anakomaliza vitumbua kabla ya kula ugali wangu. Wakati mwingine haukuwa utani. Yeye alicheka tu, akala, akarudi kazini, nami nikabaki na shati la kufua.

Kiangazi nilikwenda Nkoma kwa mhunzi mmoja aliyefahamiana naye. Alinipokea vizuri, kwa salamu zetu zote, mwadila, mwadila, lakini alizima moto kwanza ndipo akanionyesha kiti. Tukaongea habari za mvua na bei za pamba. Nilipomwambia nilichofuata alitazama miguu yake kwa muda mrefu. Mke wake akanifungia michembe, viazi vikavu, ya kula njiani. Nikarudi na michembe.

Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Mimi nilianza kukunjwa nikiwa mkavu kabisa, mwanamke mzima mwenye mgongo wa kiti cha ofisini. Nilipiga chapa jineri tangu nikiwa msichana, mpaka ushirika ulipokufa na kinu kikauzwa kwa mtu binafsi. Barua za kutupunguza kazini niliziandika mimi, yangu ikiwemo, zote zimejaa soko huria na ubinafsishaji, na sikukosea herufi. Tangu hapo nyundo ya Maduhu ndiyo ilikuwa ikitulisha, ingawa nayo ilikuwa imeanza kulegea kwa sababu ya majembe ya dukani, yale yanayotoka nje yamepakwa kijani kizuri na kukunjika siku ya kwanza kwenye udongo wa mbuga. Ni rahisi, ndiyo maana yananunuliwa. Mtu anayakunja, anayakunjua kwa jiwe, anaendelea kulima akitukana.

Sasa mtu atauliza, kama hukuwahi kuingia bandani, ulijifunza vipi?

Kwa masikio. Jiko langu na banda vinatenganishwa na ukuta wa udongo. Nilikuwa napika huku nasikia kazi yake yote kuanzia asubuhi, na niliijua kama mtu anavyojua nyimbo za kanisani bila kitabu. Kwanza feni ya kupulizia moto, ile aliyoitengeneza kwa rimu ya baiskeli, ikiguna. Kisha nyundo kubwa, taratibu. Kisha nyundo ndogo, haraka haraka, jembe likinyooshwa mabawa. Moto tena. Kisha kimya kidogo. Kisha chwaaa, maji. Baada ya hapo nilijua naweza kusonga ugali, maana anakaribia kutoka.

Nilifua kwa kufuata wimbo huo. Kiangazi chote. Misumari yangu ya kwanza ilikuwa aibu. Nilifua kisu cha jikoni kutokana na boliti, Mayu anakitumia mpaka leo kukatia mboga, nadhani kwa kunihurumia. Panga langu la kwanza lilipinda kama ndizi. Niliungua mikono, nikaungua paja, kitenge changu kizuri kikatoboka, majirani wakawa wanapita taratibu wakijifanya wanatafuta mbuzi. Usiku nilikuwa silali vizuri kwa maumivu ya bega, lakini nakiri, asubuhi nilitamani kurudi. Ndani ya lile banda kulikuwa na alama ya kiatu chake karibu na gogo. Niliizunguka kila siku nisiikanyage.

Chuma cha jembe chenyewe nilikipata kwa mlinzi wa jineri. Uani kwao kulikuwa na lori bovu la ushirika, limebaki mifupa, na wanunuzi wa skrepa walikuwa wameshalitolea macho. Mlinzi alinikumbuka tangu enzi za ofisi. Aliniachia jani moja la springi, la mwisho, kabla hawajaja kubeba vilivyobaki. Jani moja linatoa jembe moja, na kosa halina nafasi. Maduhu alikuwa akisema hakuna chuma kinacholima kama springi ya lori, na hilo ndilo neno pekee la kazi yake aliloniambia waziwazi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili. Jumatatu nikawasha moto.

Shajara, lilikuwa jembe zuri. Sijisifu, nani atanisifu kwa hali hii. Mabawa yalitoka sawa, ubapa ulitulia, mkia wa kuingia kwenye mpini ulikuwa umenyooka. Jana nikalipasha mara ya mwisho mpaka likawa jekundu sawasawa, nikasimama kidogo, kimya, kama yeye, maana niliamini kile kimya alikuwa akiiangalia kazi yake na kuridhika. Nami nikaiangalia yangu, nikaridhika. Kisha nikalitumbukiza kwenye pipa la maji. Chwaaa. Kule jikoni nikasikia Mayu ameacha kutwanga.

Nililia pale bandani. Nilidhani nimempata.

Leo asubuhi shemeji Njile alifika na ndugu wengine wawili wazee. Nyuma yao, barabarani chini ya kivuli, lori la skrepa likasimama. Nililiona. Lilikuja kabla jembe halijajaribiwa. Hilo ndilo litakalonichukua muda mrefu kusamehe, kwamba walikuja na mzishi wakati mgonjwa anapumua. Njile akaona ninalitazama, akasema, "Shemeji, linapita tu Zagayu, limenipa lifti."

Kichuguu kiko nyuma ya nyumba, kigumu kama saruji mwezi huu hata baada ya mvua ya Jumapili. Njile alilipokea jembe kwa mikono miwili. Aliligeuza, akapitisha dole gumba kwenye makali, akawatazama wale wazee na kutikisa kichwa kwa kukubali. Kwa muda huo mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Bariadi. Akapiga mara ya kwanza, likazama, likatoka na bonge la udongo. Mzee mmoja akasema, "Heee." Akapiga tena.

Halikupinda. Lingepinda ningelinyoosha, na nadhani wangeniruhusu. Lilikatika pale begani, mkia unapoungana na ubapa, kwa mlio mdogo mkavu kama sahani ya udongo. Ubapa ukabaki kwenye kichuguu, Njile akabaki na mpini na kipande cha mkia. Alikitazama kile kipande kana kwamba amemvunjia mtu mkono.

"Pole, shemeji," alisema. Na alimaanisha, ndiyo maana ilichoma.

Hakuna aliyecheka safari hii. Heri wangecheka. Walikunywa maji, wakanywa uji wa Mayu, wakaongea habari za ng'ombe, na alasiri vijana wa lori wakaingia bandani na viatu vyao, wakapita juu ya ile alama, wakaing'oa reli kwenye gogo. Ilikuwa imeshikana na mti kwa miaka yote hiyo, ikatoka ikilia. Nyundo akaichukua Njile mwenyewe, ameifunga kwenye koti. Mimi nilisimama mlangoni, mahali pangu pa zamani, ila sikuwa na sahani.

Hapo ndipo ningependa kukomea. Siku mbaya inatosha na ubaya wake. Lakini kuna kilichofuata, na kisipoandikwa leo kesho nitajidanganya kwamba hakikutokea.

Jioni Mayu alisema tule, kwamba njaa haijawahi kurudisha kitu. Kulikuwa na samaki wa Lamadi amekatwa vipande, na mafuta ya pamba, yale meusi mazito anayokamua mwenyewe kwa mbegu anazoomba kwa wakulima. Nikabandika kikaango. Kile kipande cha mkia wa jembe nilikuwa nimekitupia jikoni kwa hasira, nikakifanya cha kuchochea kuni. Hicho ndicho kimebaki cha kazi yangu, nikasema, basi kifanye kazi.

Kikawa chekundu humo motoni. Nikakichomoa kwa koleo kusukuma gogo la kuni, mkono wenye kidole kilichofungwa ukagonga kikaango, mafuta yakamwagika juu ya kile chuma. Hayakupiga kelele. Yaliwaka kidogo, yakatoa moshi mzito.

Na Maduhu akaingia jikoni.

Sijui niseme vipi tena. Harufu ile. Si ya vitumbua, si ya mama lishe yeyote. Shati lake. Shingo yake. Ilijaa jiko lote nikageuka kuangalia mlango, nikiwa na mwiko mkononi, tayari kumwambia umechelewa.

Kisha nikaelewa.

Nilikimbilia bandani. Kwenye kona, nyuma ya mahali pa feni, kuna debe kuukuu limefunikwa gunia, ambalo kiangazi chote nilikuwa nikilisogeza nipate nafasi. Nilidhani ni oili chafu ya gari. Nikaingiza mkono. Mafuta ya pamba, mashapo matupu, yameganda meusi, na chini kabisa vidole vikakutana na magamba ya chuma, mengi, mepesi, miaka yote ya majembe imelala humo.

Kile kimya hakikuwa kuridhika. Kile kimya kilikuwa ni mafuta. Alichovya jembe kwenye mafuta, taratibu, chuma kikakaza bila kupasuka, na mafuta hayana sauti ya kuvuka ukuta. Chwaaa ya baadaye ilikuwa ni koleo, anapoza koleo lake kwenye pipa ili atoke kula. Nimesikiliza koleo. Nimechovya jembe langu kwenye maji ya kupozea koleo, springi ya lori, chuma kisichotaka maji, nikalia kwa furaha kilipokuwa kinapasukia ndani.

Nikarudi kwa Mayu na mikono inadondosha. Alikuwa anageuza samaki. Aliitazama mikono yangu, akavuta harufu, akaacha kugeuza.

"Mayu, haya mafuta alikuwa anapewa na nani?"

"Mimi," alisema. "Mashapo. Kila nikikamua alikuja na kidumu."

"Ya nini?"

"Sikuuliza. Nilidhani ya taa."

Alikaa chini kwenye kinu kilicholazwa. Akauliza kwa nini, nikamwambia yote, kimya, chwaaa, shati, debe. Sikumwambia vizuri, nilikuwa napaza sauti kana kwamba yeye ndiye aliyenitendea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilimzaa humu humu, nikamkamulia humu humu, na sijawahi kukanyaga pale ndani hata moto ukiwa umelala."

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa hivyo shuleni. Lakini ungemuuliza nani, na ungesimama wapi unauliza? Wanawake wawili, jiko moja. Mmoja alikuwa na mafuta, mwingine alikuwa na harufu. Tumekula pamoja kiangazi chote tukimwongelea, tukilia, tukicheka, na hatukuwahi kukutanisha hivyo viwili, kwa sababu mambo ya bandani hayakuwa yetu kuyaongelea.

Samaki aliungua. Hakuna aliyemtoa.

Baadaye kidogo, jua likiwa bado halijazama, Mayu alifanya jambo. Alikichukua kile kipande kwa koleo langu, akakirudisha motoni mpaka kikawa chekundu, akaniambia nitangulie. Akanifuata mpaka bandani. Mlangoni alisita, akavua kandambili zake, akaingia. Mwanamke wa umri wake, miguu mitupu, ameshika chuma cha moto mbele yake kana kwamba anabeba mtoto wa mtu. Nikafunua debe. Akakizamisha.

Moshi, mwali mdogo, kisha hakuna kitu.

Tulisimama tukisikiliza. Ni kimya kile kile. Kutoka jikoni ni kifupi, lakini ukiwa ndani ni kirefu, kina nafasi ya mtu kusimama ndani yake. Mayu alikuwa anatikisika mabega. Nilimshika, au alinishika.

Kilipopoa nilikitoa, nikakifuta kwa kitenge. Nimekipiga kwenye ukingo wa jiwe la mlangoni kwa nguvu zangu zote. Hakikukatika. Kimelia tu, sauti nzuri ndefu.

Nilikiweka juu ya gogo. Pale reli ilipokuwa imekaa kuna mfereji uliolainika, kama mahali alipolala mtu kwa muda mrefu, na kipande kikaingia humo kikapotea. Mayu ameshalala, au amejifunika tu, nasikia pumzi yake haijatulia. Njile simu yake haipatikani. Lori lile, walisema, halilali njiani, linakwenda moja kwa moja kiwandani.

Nimejua, shajara. Leo hii, jioni, kwa samaki aliyeungua, nimejua kufua jembe.

Nitalifulia juu ya nini?